Kuajiri bila kuvunja sheria wala kuvujisha taarifa za watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa waajiri, mameneja na maafisa rasilimali watu wanaotangaza nafasi, kupokea maombi na kufanya usaili. Yote yanasimama juu ya jambo moja: kila taarifa unayomwomba mwombaji inakuja na wajibu wa kuilinda, kuitolea maelezo na hatimaye kuifuta, kwa hiyo usiiombe kabla ya siku utakayoitumia. Sheria zilizotajwa ni za nchi mbalimbali, kuonesha mambo yanavyokwenda. Za nchi yako zihakikishe kwa mwanasheria wa kazi.

Ofisi yetu ina watu sita tu. Sheria hizi zinatuhusu?

Zinawahusu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi haianzi kwa kuhesabu wafanyakazi, inaanza pale unaposhika taarifa za mtu anayeweza kutambulika. CV moja iliyotumwa kwa WhatsApp kwenye simu ya meneja inatosha.

Mkanganyiko mkubwa hutokana na usajili. Kenya, kwa mfano, mwajiri mwenye mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 amesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa kama yuko kwenye sekta zilizotajwa. Msamaha huo ni wa usajili peke yake. Masharti mengine ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yanambana sawasawa na mwenye wafanyakazi elfu. Tanzania nayo, kwa sheria yake ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Upande wa ubaguzi pia, wengi hudhani mtu ambaye hajaajiriwa hana pa kupeleka malalamiko. Anapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 zote zinamlinda mwombaji kazi, na katika zote mbili mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na ubaguzi unaweza kumwangukia mwajiri. Mwajiri asiyekuwa na kumbukumbu za usaili hana cha kuthibitishia.

Tuombe nyaraka gani, na lini?

Hapa ndipo hatari nyingi huzaliwa, mara nyingi kwa sababu ya sentensi iliyonakiliwa kutoka tangazo la miaka iliyopita: "Ambatanisha nakala za vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na picha mbili za pasipoti." Wakiomba watu 300 kwa nafasi moja, unabaki na vitambulisho 299 usivyokuwa na kazi navyo, kwenye sanduku la barua pepe ambalo watu watatu au wanne wanalijua nenosiri lake. Mhalifu akizipata nyaraka hizo pamoja na saini iliyo kwenye barua ya maombi, ana karibu kila anachohitaji kuombea mkopo kwa jina la mtu mwingine.

Gawa mahitaji kwa hatua. Wakati wa kuomba: jina, namba ya simu au barua pepe, elimu, uzoefu, na jibu la ndiyo au hapana kama mwombaji anaruhusiwa kisheria kufanya kazi nchini. Kwa walioitwa kwenye usaili: vyeti vinavyohusu nafasi hiyo, vioneshwe vikiwa halisi, na swali moja kama kuna chochote cha kumwandalia ili ashiriki sawa na wengine, mfano njia ya kiti cha magurudumu au mkalimani wa lugha ya alama. Kwa aliyechaguliwa: wadhamini (watu wanaoweza kuthibitisha sifa na kazi zake) na uhakiki. Akishakubali ofa ndipo uombe kitambulisho, namba ya mlipakodi, namba ya hifadhi ya jamii, akaunti ya benki, mtu wa kuarifiwa kukiwa na dharura na majina ya wategemezi kama kuna bima.

Picha iondoe kabisa kwenye tangazo. Inakuonesha umri, rangi, vazi la dini na wakati mwingine ulemavu kabla hujasoma mstari wa kwanza wa uzoefu wa mtu, na ukishaiona huwezi kudai kwamba haikukugusa. Tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo: kama kuna umri wa chini kisheria, uliza tu kama mwombaji ameufikisha.

Tukiweka kisanduku cha "Ninakubali taarifa zangu zitumike", tumemaliza?

Hapana. Ridhaa inahesabika ikiwa tu mtu anaweza kukataa bila kuumia. Anayetafuta kazi hana uhuru huo mbele ya mwajiri, ndiyo maana wasimamizi wa ulinzi wa taarifa barani Ulaya wanaiona ridhaa ya kwenye ajira kuwa msingi dhaifu. Isitoshe, ridhaa hufutwa wakati wowote, na ikifutwa katikati ya usaili utakwama.

Misingi imara zaidi ni mitatu: hatua za kuelekea mkataba ambazo mwombaji mwenyewe amezianzisha kwa kuomba kazi, wajibu wa kisheria (mfano kuhakiki kibali cha kazi), na maslahi halali ya mwajiri yaliyopimwa dhidi ya haki za mwombaji. Andika kwenye jedwali fupi: taarifa gani, kwa sababu gani, kwa msingi upi, hadi lini. Ridhaa ibakize kwa mambo ya hiari kweli, kama kumweka mtu kwenye orodha ya nafasi zijazo.

Tangazo la kazi liseme nini kuhusu taarifa binafsi?

Aya moja au kiungo cha ukurasa mmoja kinatosha, mradi kiwe na mambo haya: nani anakusanya na anapatikanaje, taarifa zitatumika kwa nini, nani ataziona (pamoja na wakala au programu ya nje), kama zitavuka mipaka ya nchi, zitatunzwa muda gani, na mwombaji afanye nini akitaka kuziona, kuzirekebisha au kulalamika. Maelezo haya yatangulie maombi. Kuyatuma baada ya usaili ni kuchelewa.

Lugha ya tangazo lenyewe ipitie jicho la pili. "Kijana mchangamfu", "dada wa mapokezi" au "asiye na majukumu ya kifamilia" ni ushahidi wa ubaguzi ulioandikwa na mwajiri mwenyewe. Andika kazi ilivyo: "kubeba mizigo ya kilo 25 mara kwa mara", "zamu za usiku mara mbili kwa wiki".

Ni maswali gani tusiulize kwenye usaili?

Yale ambayo jibu lake haliwezi kubadilisha uwezo wa mtu kufanya kazi: umeolewa, una watoto wangapi, una mpango wa kuzaa, kabila lako nini, unasali wapi, unaunga mkono chama gani, wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, una ugonjwa wowote. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 111 wa 1958 unakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa na asili ya mtu katika ajira, na sheria nyingi za nchi zimeongeza ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa na hali ya VVU.

Mara nyingi nyuma ya swali baya kuna haja halali iliyoulizwa vibaya. Unayetaka kujua kama mtu ataweza zamu za usiku usimuulize ana watoto. Mweleze ratiba, kisha muulize kama ataimudu, na muulize hivyo hivyo mwanamume aliyemtangulia na atakayemfuata. Unayehitaji msafiri muulize kama anaweza kuwa nje ya kituo siku 10 kwa mwezi. Unayehitaji mzungumzaji wa lugha fulani mpime lugha hiyo, usiulize kwao ni wapi.

Mshahara wa zamani nao uwe swali la kuaga. Massachusetts iliupiga marufuku kwa sheria ya 2016 iliyoanza kufanya kazi 2018, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa mwongozo wake wa 2023 kuhusu uwazi wa malipo. Sababu ni ya wazi: aliyepunjwa kwenye kazi ya kwanza hubeba pengo hilo hadi ya tano. Taja kiwango chenu kwanza.

Na mazungumzo ya pembeni yanahesabika. Swali la "shemeji yuko wapi?" lililoulizwa kwenye ngazi wakati wa kumsindikiza mwombaji ni sehemu ya usaili.

Maandishi yetu ya usaili ni siri yetu, sivyo?

Si siri kama mnavyodhani. Ni taarifa binafsi za mwombaji, anaweza kuziomba, na mahakama inaweza kuziagiza. Fungua jedwali la usaili la ofisi yoyote, nenda kwenye safu ya mwisho iliyoandikwa "Maoni". Humo ndimo utakuta "anaonekana kachoka, umri?", "ana mtoto mchanga" au "lafudhi nzito". Maneno matatu kama hayo yanaweza kuangusha utetezi wote, hata kama aliyechaguliwa alistahili kweli.

Maandishi yanayomlinda mwajiri yanafanana na haya: "Alieleza hatua 3 kati ya 5 za kufunga hesabu za mwezi, hakutaja ulinganisho wa taarifa za benki. Alama 3." Kila msaili awe na fomu yenye maswali yale yale kwa waombaji wote, kipimo cha 1 hadi 5 chenye maelezo ya alama, na aandike alama zake kabla ya majadiliano ili mkubwa wa jopo asiwavute wengine. Asaini, aweke tarehe, akabidhi. Daftari za kwenda nazo nyumbani zisiwepo. Alama ikibadilishwa baada ya majadiliano, sababu iandikwe pembeni na ya mwanzo isifutwe.

Tunaweza kumpigia mwajiri wake wa sasa?

Si kabla ya ofa, na si bila idhini yake. Simu moja ya mapema inaweza kumfukuzisha mtu kazi ambayo bado anaitegemea, na hasara hiyo atakudai wewe. Piga kwa wadhamini aliowataja, siku aliyoridhia. Uliza mambo yanayothibitika: cheo, tarehe za kuanza na kuacha, majukumu, kama wangemwajiri tena. Andika nani alijibu, saa ngapi, alisema nini. Ukitafuta namba ya mwajiri wa zamani, ichukue kwenye tovuti au orodha ya simu ya kampuni, kwa sababu wadhamini bandia hukaa kwenye namba zilizoandikwa kwenye CV.

Na rekodi za polisi, madeni na mitandao ya kijamii?

Rekodi ya makosa ya jinai iombwe pale ambapo kazi inaidai, kama kulea watoto, kushika fedha au kulinda silaha, na iombwe kwa aliyechaguliwa tu. Iangalie, andika "imehakikiwa" na tarehe, mrudishie cheti chake. Nakala ya cheti hicho kwenye faili kwa miaka saba haimsaidii yeyote. Ukikuta kosa, pima uzito wake, muda uliopita na uhusiano wake na kazi, na umpe mtu nafasi ya kujieleza kabla ya kuamua.

Ukiikabidhi kampuni ya nje uchunguzi huo, soma masharti yake vizuri. Marekani, sheria ya FCRA, inayosimamia ripoti za uchunguzi wa watu, inamtaka mwajiri ampe mwombaji taarifa kwenye hati inayojitegemea, apate idhini ya maandishi, na kabla ya kumkataa kwa sababu ya ripoti ampe nakala yake. Waajiri wengi wameshtakiwa kwa kuchanganya taarifa hiyo na vifungu vingine kwenye fomu ya maombi.

Mitandao ya kijamii: ushauri wetu ni kutoingia. Ukurasa wa mtu utakuonesha msiba wake, dini yake na mimba ya mkewe, na kuanzia hapo kila uamuzi wako una kivuli. Kama kazi inalazimisha, mfano msemaji wa taasisi, mwambie mwombaji kabla, mpe kazi hiyo mtu asiye kwenye jopo, akiwa na orodha ya vitu viwili au vitatu vya kutafuta kwenye kurasa za kikazi, na jopo lipokee majibu ya vitu hivyo tu. Nenosiri la mtu usiombe kamwe; Maryland ilikataza jambo hilo mwaka 2012 na majimbo mengi ya Marekani yakafuata.

Vipimo vya afya?

Baada ya ofa, kwa kazi inayovihitaji, na kwa wote wanaopewa nafasi hiyo. Uingereza, sheria ya usawa ya 2010 inazuia maswali ya afya kabla ya ofa isipokuwa kwa sababu chache, na Marekani sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 inaruhusu kipimo baada ya ofa yenye masharti. Daktari amrudishie mwajiri neno moja kati ya matatu: anafaa, anafaa kwa marekebisho haya, hafai kwa kazi hii. Matokeo ya damu hayaji ofisini. Kipimo cha VVU kisiwe sharti: Pendekezo la ILO namba 200 la 2010 linakikataa waziwazi hata kwa waombaji kazi. Kipimo cha ujauzito kinakatazwa na Mkataba namba 183 wa 2000, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria ya nchi imeziwekea mipaka kwa usalama wa mama na mtoto.

Tunatumia programu ya kuchuja CV. Ikikosea, ni kosa la muuzaji?

Mwombaji hamjui muuzaji, anakujua wewe. Programu hujifunza kutokana na walioajiriwa zamani, na ikiwa zamani mlipendelea wanaume, itaendeleza. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon iliachana na mfumo wa majaribio uliokuwa ukishusha alama za CV zenye maneno yanayoashiria wanawake.

Kuna hesabu rahisi ya kuanzia, kutoka miongozo ya Marekani ya 1978, iitwayo kanuni ya nne kwa tano. Wameomba wanaume 100, wakapita 40. Wameomba wanawake 100, wakapita 24. Gawa 24 kwa 40, unapata asilimia 60. Chini ya 80 ni dalili ya kuchunguza kigezo gani kinawaangusha. Fanya hesabu hiyo kila awamu, si mara moja mfumo unaponunuliwa.

Kisha weka binadamu mwenye mamlaka ya kutengua. GDPR, yaani kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, kifungu cha 22, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na sheria ya Kenya ina kifungu cha namna hiyo. Ofisa anayebofya "kataa" mara 200 kwa dakika kumi hajakagua chochote. Jiji la New York linadai ukaguzi wa upendeleo wa kila mwaka kwa mifumo hii, na sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya 2024 imeiweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa, huku ikipiga marufuku, kwa vighairi vichache, ile inayodai kusoma hisia za watu sehemu za kazi. Kama muuzaji hawezi kukueleza kwa maandishi mfumo unapima nini, usinunue.

Wakala wa ajira anatuletea watu. Hatari ni yake?

Mnagawana. Mkataba wenu useme nani anaamua matumizi ya taarifa, zinahifadhiwa wapi, anafuta lini, na anakuarifu ndani ya saa ngapi zikivuja. Kenya, anayechakata kwa niaba yako ana saa 48. Ongeza kifungu kwamba hamlipishi mwombaji hata senti, kwa kuwa Mkataba wa ILO namba 181 wa 1997 unakataza mawakala kutoza wafanyakazi ada, ukiruhusu vighairi vichache. Waulize waombaji wenyewe kama walilipa. Ukipata "ndiyo" mbili, simamisha.

Tutunze maombi ya waliokosa kwa muda gani?

Hadi muda wa kushtakiwa upite, ukiongeza kidogo. Kwa hiyo jibu linatofautiana sana. Marekani, waajiri wanaohusika wanatakiwa kutunza kumbukumbu za maombi angalau mwaka 1. Tanzania, migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kenya, madai ya chini ya Sheria ya Ajira yana miaka 3. Palipo na muda mrefu, bakiza kinachothibitisha uamuzi (fomu za alama, orodha fupi, sababu) na futa mapema vyeti na vitambulisho.

Kufuta ni kazi ya mikono. CV moja huwa kwenye barua pepe iliyoingia, kwenye folda ya vilivyofutwa, kwenye "Downloads" za kompyuta tatu, kwenye kundi la WhatsApp la jopo na kwenye droo ya printa. Dawa ni kutosambaza viambatisho tangu mwanzo: weka maombi kwenye folda moja yenye ruhusa kwa majina, tuma kiungo, na jopo likimaliza ondoa ruhusa.

Tumempa mtu ofa kwa simu, sasa hatumtaki. Tunatoka vipi?

Inategemea mlivyosema. Ofa isiyo na masharti ikikubaliwa inaweza kuwa tayari ni mkataba, na kuiondoa ni kuuvunja. Ndiyo maana ofa itoke kwa maandishi, ikisema: "Ofa hii inategemea uhakiki wa vyeti, majibu ya wadhamini na kibali cha kazi, kabla ya tarehe hii." Sharti likikosekana, mwambie lipi. Msibuni sababu baadaye. Sababu mbili zinazotofautiana kwenye barua mbili ndizo wakili wa upande wa pili huzisoma kwa sauti.

Mwombaji ameomba kuona kila tulichonacho juu yake.

Usifute kitu. Kuharibu taarifa baada ya ombi ili zisionekane ni kosa la jinai Uingereza, na kokote kwingine ni ushahidi dhidi yako. Hakikisha ni yeye, ikiwezekana kwa kujibu kupitia barua pepe ile ile aliyoombea kazi, bila kumdai kitambulisho usichokuwa nacho. Kagua barua pepe, folda, jumbe za jopo na karatasi. Funika majina na alama za waombaji wengine. Chini ya GDPR una mwezi 1, unaoweza kuongezwa miwili kwa maombi magumu, lakini lazima umwarifu ndani ya ule wa kwanza.

Tumetuma barua ya "samahani, hukuchaguliwa" na anwani za watu 60 zote zinaonekana. Tufanye nini?

Huo ni uvujaji, hata kama hakuna cheti kilichotoka: kila mmoja sasa anajua nani aliomba, na pengine mmojawapo ni mfanyakazi mwenza wa mwingine. Andika saa mliyogundua, kwa sababu muda unahesabiwa kutoka hapo; GDPR na sheria ya Kenya zote zinatoa saa 72 kumwarifu msimamizi pale uvujaji unapohatarisha wahusika. Kuivuta barua kwa amri ya programu mara nyingi hakufanikiwi, na huwaita watu waisome. Waandikie wote 60, kila mmoja peke yake: nini kimetokea, nini kimeonekana, waifute, nani wa kumpigia. Pimeni madhara na muandike uamuzi wenu wa kuarifu au kutoarifu pamoja na sababu, maana hata tukio lisiloripotiwa linatakiwa kuwa kwenye rejesta.

Kisha ondoeni chanzo. Barua za majibu zitumwe na mfumo unaotuma moja moja kutoka kwenye orodha, na akaunti ya ajira iwekewe ucheleweshaji wa dakika 2 kabla ya barua yoyote kutoka, ili aliyegundua kosa baada ya kubofya apate nafasi ya kulizuia.